Bibi Alisema Subira, Sisi Tukaandika Imani

Eti hadithi si utafiti. Kauli hii nimeisikia mara mbili ndani ya mwaka mmoja, kutoka kwa watu wawili wasiojuana, na kila mmoja aliitumia kunifungia mlango. Wa kwanza alikuwa msimamizi wangu wa kazi, msomi, mwenye kompyuta mgongoni na shahada mbili. Wa pili alikuwa mwandishi mwenzetu, mtu wa maskani yetu hii hii ya fasihi, ambaye aliniambia utafiti ni mambo ya wasomi, msanii kazi yake kubuni. Leo nataka kuwajibu wote wawili kwa pamoja, maana nimegundua wanakula sahani moja bila kujijua.

Nijieleze kwanza, msije mkasema huyu naye katoka wapi. Mimi ni mhitimu wa kidato cha sita. Matokeo yangu hayakunifikisha chuo kikuu. Nina riwaya moja, mswada wa madaftari manne, umelala chini ya godoro ukisubiri mchapishaji mwenye huruma. Katika kuhangaika na maisha nikapata kibarua cha udadisi, yaani kupita nyumba kwa nyumba na kishikwambi, kuuliza watu maswali ya dodoso. Malipo kwa siku, nauli juu yako, maji ya kunywa juu yako. Asasi yenyewe sitaitaja. Ni moja kati ya nyingi, na ugonjwa ninaousema hauna mwenyewe mmoja.

Swali la 31 lilikuwa hili: "Je, una imani kiasi gani na viongozi wa mtaa wako?" Majibu manne: sina kabisa, kidogo, ya kiasi, kubwa. Kishikwambi kina tabia moja, usipogusa jibu hakikuruhusu kusonga mbele. Kinakukodolea macho tu mpaka uguse.

Basi siku ya tatu, huko Mbagala, nikamkuta bibi mmoja anauza mihogo ya kukaanga barazani. Shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu, karibu ukae. Nikakaa kwenye benchi lake. Tukaenda vizuri, umri, watu wa nyumbani, maji wanachota wapi, mpaka swali la 31. Bibi akageuza mihogo, akafuta mikono kwenye kanga, akanitazama kama mtoto aliyeuliza jambo la ajabu. Akasema: "Imani mjukuu wangu mtu anayo kwa Mungu. Hawa mimi nina subira nao. Nawasubiri. Na wao wanajua nawasubiri."

Haya, ndugu msomaji, gusa jibu. Sina kabisa? Hakusema hivyo. Kubwa? Wala. Nilibaki na kidole hewani. Nikamuuliza tena kwa kumbembeleza, "Bibi, tuseme basi ya kiasi?" Akacheka, akasema, "Andika unavyotaka, si chombo chako?" Nikagusa "ya kiasi." Kikafunguka swali la 32.

Nimeungama. Bibi alisema subira, mimi nikaandika imani. Jioni nikapeleka kazi, nikalipwa, nikala wali. Lile neno la bibi likaingia kwenye safu moja na maneno ya watu wengine mia kadhaa, likapigwa hesabu, likawa asilimia.

Lakini sikulala vizuri. Nikaanza kukumbuka waliojibu swali lile lile kabla yake. Kulikuwa na fundi cherehani, alisema "Imani? Hawa watu hawana imani kabisa," nami nikagusa "sina kabisa." Kumbe jamaa alikuwa anasema hawana huruma! Kwetu sisi, mtu asiye na imani ni mtu katili, asiyemwonea mwenzake uchungu. Swali liliuliza habari za fundi, fundi akajibu habari za viongozi. Kulikuwa na mzee mwingine wa heshima zake, kofia nyeupe, alisema "Imani yangu ni thabiti, alhamdulilahi." Nikagusa "kubwa." Sasa hivi naapa kwamba yule mzee alikuwa anazungumzia dini yake. Na wapo walioelewa kama mwandishi wa dodoso alivyotaka, yaani kuamini kwamba mtu hatakudanganya wala kukuibia.

Neno moja, mizigo mitatu: dini, huruma na kuaminiana. Anayelijua Kiswahili analijua hilo tangu utotoni. Lakini dodoso lile lilitungwa kwa lugha nyingine, likafasiriwa ofisini kwa siku mbili, na aliyefasiri aliandika "imani" akaenda kunywa chai. Kuanzia hapo kila kitu kilichofuata kilikuwa safi: sampuli safi, hesabu safi, jedwali lenye rangi. Nyumba nzuri kabisa juu ya shimo la choo.

Nikamwendea msimamizi. Nikamweleza habari ya bibi, fundi na mzee wa kofia. Alinisikiliza, simsingizii. Kisha akasema: "Ndugu yangu, wewe ni mwandishi wa riwaya, nimesikia. Huku tunataka data. Hadithi si utafiti." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, maana mkataba ulikuwa bado siku sita.

Sasa ngoja nimjibu, maana siku sita zimekwisha zamani.

Bwana mkubwa, hicho unachokiita hadithi kina jina huko huko chuoni kwenu. Kinaitwa utafiti wa kufasiri. Na hakikuletwa na vijana wa maskani. Mjerumani Max Weber, aliyefariki mwaka 1920, ni mmoja wa waliojenga sosholojia yenyewe mnayojivunia, na alisema wazi kwamba kazi ya elimu hiyo ni kuelewa matendo ya watu kwa maana ambayo watu wenyewe wanayapa. Mti hauna maoni kuhusu kivuli chake. Mtu anayo. Ukimpima mtu kama unavyopima mti utapata urefu wake, hutapata kwa nini amesimama pale.

Mmarekani Clifford Geertz, katika kitabu chake cha mwaka 1973, alichukua mfano wa mwanafalsafa wa Kiingereza Gilbert Ryle. Vijana wawili wanafumba jicho moja upesi. Mmoja jicho linamcheza tu, mishipa. Mwingine anakonyeza, anampa mwenzake ishara ya siri. Kamera itaona kitu kimoja. Anayehesabu ataandika: majicho mawili, yamefumbwa mara mbili. Lakini baina ya jicho linalocheza na jicho linalokonyeza pana dunia nzima: urafiki, njama, mapenzi, dharau. Na mimi nitaongeza la kwetu. Huku Pwani hata jicho kucheza si mishipa tu. Bibi yako atakwambia utapata mgeni, au utalia, kutegemea limecheza la wapi. Kwa hiyo hata huyo kijana wa kwanza hujamwelewa mpaka ujue amekaa na nani nyumbani. Mwanamke anapopita mbele ya mlango wa jirani na kanga yenye maneno, takwimu yako itaandika "amevaa kanga." Mtaa mzima unajua amesema nini, na kamwambia nani.

Huyo Geertz hakuipata elimu hiyo kwa kukaa ofisini. Mwaka 1958 yeye na mkewe walifika kijiji kimoja huko Bali, Indonesia, na wanakijiji wakawatazama kama hawapo. Siku moja wakaenda kuangalia mapigano ya majogoo, mchezo uliokuwa umepigwa marufuku. Polisi wakavamia. Wangeweza kusimama na kuonyesha vibali vyao vya wageni waheshimiwa. Badala yake walitimua mbio pamoja na kijiji, wakaingia kwenye ua wa mtu wasiyemjua. Kuanzia siku hiyo wakawa watu. Watu wakawaongelesha, wakawatania. Hakuna dodoso lenye swali la "umewahi kukimbia polisi pamoja nao?"

Utasema hayo ni ya majogoo, sisi tunafanya siasa. Haya, twende kwenye siasa. Mmarekani mwingine, Frederic Schaffer, alikwenda Senegal kuuliza jambo dogo tu: watu wa kawaida wanaosema Kiwolofu wanapotamka "demokaraasi", neno walilolichukua kwenye Kifaransa, wanamaanisha nini? Kitabu chake kilitoka mwaka 1998. Akakuta kwamba kwa wengi wao neno lile halikuwa hasa habari ya vyama kushindana na karatasi za kura. Lilikuwa habari ya kugawiana kwa haki, kuelewana, kushikamana na kusaidiana. Sasa mtu apite Dakar na kishikwambi, aulize "Je, unaunga mkono demokrasia?" Watu wataitikia ndiyo. Atarudi na asilimia nzuri, atachapisha kwamba Wasenegali wanapenda demokrasia. Kweli wanaipenda. Swali ni ipi!

Na hapa nyumbani? Wasomi wetu wanasahau kwamba jambo kubwa kuliko yote katika siasa za nchi hii tangu Azimio la Arusha liliamuliwa kwa kufasiri. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi: tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi? Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni. Takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja, kama asilimia 20 wakataka vingi. Kwa hesabu ya kishikwambi kazi imekwisha, zima taa. Lakini tume haikuzima taa. Ilisikiliza pia kile walichosema wale wa chama kimoja, ikaona wengi wao hawakutaka mambo yabaki yalivyo. Walitaka mabadiliko makubwa ndani ya mfumo huo huo. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilika.

Najua utakachosema. Utasema, "Unaona hatari ya kufasiri? Watu wachache wanakaa mezani, wanageuza asilimia 80 ikawa chini." Hoja hiyo ni nzito na siikimbii. Kweli, anayefasiri ana rungu mkononi. Anaweza kuyavika maneno yako nguo asiyokuwa nayo. Lakini nikuulize: na wewe uliyeandika "imani" mahali pa neno lingine, hukushika rungu? Mimi niliyegusa "ya kiasi" sikufasiri? Nilifasiri, tena vibaya, tena kwa siri, na namba ikaja kuyafunika makosa yangu kama shuka. Kila anayeuliza na kuandika anafasiri. Tofauti ni kwamba mmoja anaweka maneno ya bibi mezani, nawe msomaji unaweza kubisha, ukasema huyu kijana hakumwelewa. Mwingine anakuonyesha asilimia, na huwezi kubishana nayo kwa sababu bibi hayumo tena.

Hata wenyewe wa namba wanalijua hili wakiwa peke yao. Mwaka 2002 watafiti wa Afrobarometer walitoa ripoti kuhusu Watanzania. Walikuwa wamekuta watu wa hapa wanajibu kwamba wanaziamini sana taasisi za serikali yao. Unajua kichwa cha ripoti kilikuwaje? Kiliuliza kama Watanzania ni raia wasiohoji au ni watu wenye subira waliowakabidhi viongozi dhamana. Tazameni alama ile ya kuuliza. Wana takwimu, wana majedwali, na bado wamesimama mlangoni wanauliza, hawa watu ni mabwege au wana subira? Jedwali haliwezi kujibu. Anayeweza kujibu anauza mihogo barazani, nasi tulimwambia tuseme basi ya kiasi.

Msinielewe vibaya. Sina ugomvi na namba. Nikitaka kujua ni wasichana wangapi walioacha shule wilayani, sitaki hadithi, nataka hesabu, na aliyeficha hesabu hiyo ni mwizi. Namba inajibu wangapi. Ugomvi wangu unaanza pale namba inapojibu swali ambalo halikuwa la wangapi, na mwenye kutaja neno la bibi anaambiwa aende akaandike riwaya.

Nimemaliza na msimamizi. Sasa nageuka kwako, mshikaji wangu, msanii, uliyeniambia kazi yetu ni kubuni.

Nilipokuwa nazungumza na msomi ulikuwa unapiga makofi, nimekuona. Ulidhani nakutetea. Ulidhani nasema kwamba sisi waandishi tunaujua moyo wa mwananchi kwa sababu tumezaliwa naye uswahilini, hatuna haja ya kuuliza. Hapana. Wewe ndiye mbaya zaidi, kwa sababu msomi angalau alinituma nikamuone bibi. Wewe bibi yako umemtoa wapi?

Tufungue miswada yetu, na wangu ukiwemo. Bibi wa riwaya zetu anasema methali tupu. Mwanasiasa ana kitambi na gari jeusi. Changudoa ana huruma na mama mgonjwa kijijini. Msichana kaja mjini na kifurushi, ukurasa wa 40 kashadanganywa. Kijana wa kijiweni anavuta bangi na kusema maneno ya hekima. Hivyo ni visanduku, mshikaji! Sina kabisa, kidogo, ya kiasi, kubwa. Kishikwambi umekiweka kichwani mwako badala ya mkononi, ndiyo tofauti pekee. Na hicho cha kichwani hakiishiwi chaji.

Tunadharau utafiti kwa sababu tunadhani utafiti ni namba. Kumbe upande wa pili wa utafiti, huu wa kufasiri, ni kazi yetu tuliyoiacha ikachukuliwa na wengine. Ni nani alikwenda kukaa Bunju katika miaka ya 1960, wakati Bunju ni kijiji hasa, akaishi na Wazaramo, akasikiliza kinamama, ngoma za unyago na mambo ya matambiko mpaka akaelewa ishara zake? Ni mama wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, na kitabu chake kikatoka mwaka 1970. Baadaye, kuanzia mwaka 1975, alikuwa katika mradi wa Jipemoyo kule Bagamoyo, ambako wanakijiji walihesabiwa kuwa watafiti wenzao na si vitu vya kuchunguzwa. Simlaumu kwa kuja. Najilaumu kwa kuwa mtoto wa Dar niliyefika Bunju kwa daladala nikienda msibani tu.

Na kisa hiki kisikie vizuri, maana kinawahusu wasanii. Mwaka 1986 mtafiti Mjerumani, Johannes Fabian, alikuwa Lubumbashi, nchi ikiitwa Zaire wakati ule. Akasikia msemo, kwa Kifaransa, kwamba madaraka huliwa mazima. Hakuuelewa. Huliwa na nani? Mazima vipi? Akawauliza marafiki zake, kundi la maigizo la Mufwankolo, watu waliokuwa wakiigiza kwa Kiswahili cha kule. Hawakumpa maana ya msemo kama kamusi. Walianza kubishana wao kwa wao, kisha wakaamua kuutungia mchezo. Fabian akarekodi ubishi wao, mazoezi yao, mchezo wenyewe, na mwaka 1990 akatoa kitabu. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mambo mengine ambayo watu wanayajua hayawezi kutolewa kwa kuulizwa swali, ni lazima yatendwe, yaigizwe, ndipo yaonekane. Mnasikia? Mwanasayansi alikwama, akaenda kwa waigizaji. Waigizaji hawakumwambia sanaa si utafiti. Walifikiri pamoja naye, kwa Kiswahili, kuhusu madaraka, katika nchi ya Mobutu ambako kulisema jambo hilo waziwazi kungeweza kukuponza.

Sisi mlango huo tuna funguo zake wote wawili, lugha na sanaa, na tunakaa nje tukilalamika hatuna wachapishaji.

Utaniuliza, sasa hiyo kazi inafanywaje? Kila mtu atasikia anachotaka, atakiita kufasiri? Ndiyo hofu ya msimamizi wangu, na ana haki nayo. Basi nikueleze nilichofanya, halafu upime mwenyewe.

Mkataba ulipokwisha nilirudi kwa yule bibi. Bila kishikwambi. Nikamwambia ukweli, kwamba siku ile niliandika neno ambalo hakulisema, na sasa nimekuja kwa ajili yangu mwenyewe, naandika riwaya, sina hela ya kumpa. Akasema nikae nimenye mihogo. Nikakaa alasiri nne. Sikuuliza habari za viongozi. Nilisikiliza tu neno lile, subira, linatoka lini mdomoni mwake.

Lilitoka mara nyingi, na karibu kila mara lilikuwa jambo la deni. Bibi anakopesha. Ana daftari la shule lenye jalada lililochanika, majina ya wateja na viwango. Mteja akipita kwa kuinamisha kichwa, bibi anasema, "Huyu nina subira naye." Hamfokei, hamsahau. Kwa bibi, subira ni kazi ya anayedai. Aliyeshindwa ana neno lake jingine, anasema "nimenyamaza." Na viongozi wa mtaa? Mwaka mmoja walipitisha mchango wa kuchimba mtaro, maana maji ya mvua yanaingia ndani. Bibi alitoa. Mtaro haukuchimbwa. Yaani pale tulipoandika "imani ya kiasi" palikuwa na mtu anayeidai serikali ya mtaa wake na ana kumbukumbu.

Nikafurahi nusura nipige kelele. Nimepata! Nikaandika kurasa tatu nzuri: wananchi wenye subira si mabwege, ni wadai wanaosubiri kulipwa. Kisha nikafanya jambo ambalo vitabu vya utafiti huu vinalisisitiza na ambalo sikulipenda hata kidogo. Nilimrudia bibi nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Hapo kwenye kulipwa umekosea mjukuu wangu. Hela ile siitaki tena. Nataka waje wakae hapo kwenye benchi ulipokaa wewe, waseme, bibi, tulikula. Basi."

Kurasa tatu zikaenda na maji. Nisingerudi, ningekuwa nimembandikia bibi neno langu mara ya pili, na safari hii kwa Kiswahili kizuri.

Halafu nikatembea mtaa ule ule kutafuta wa kunibishia. Kijana wa bodaboda alinicheka: "Subira ni ya wazee, mi nina hasira." Mama lishe jirani yake alisema yeye anasubiri kwa sababu hakuna wa kumlalamikia, na siku akipatikana subira itakwisha. Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba Watanzania wanadai, wala kwamba Mbagala inadai. Naweza kuandika kwamba mtu mmoja, akiwa na daftari la madeni mkononi, alitumia neno subira kwa maana hii, kwamba jirani zake wawili walilikataa kwa namna mbili, na kwamba dodoso letu liliwaweka wote katika safu moja. Ni kidogo. Lakini ni kweli, na unaweza kwenda kuhakikisha.

Hiyo ndiyo njia, nayo ina sheria kali kuliko kishikwambi. Andika neno lenyewe, usiandike ulichodhani linamaanisha. Andika wewe ni nani pale, ulivaa nini, ulilipwa na nani, maana bibi hamwambii mwenye kitambulisho shingoni anachomwambia anayemenya mihogo. Tafuta anayekataa. Rudi usome mbele ya mwenyewe. Ukikosea sema umekosea, na uache kosa lionekane. Dvora Yanow na Peregrine Schwartz-Shea walikusanya mijadala ya namna hii kwenye kitabu kizima mwaka 2006, cha wanasayansi wa siasa waliochoka kuambiwa wanachofanya ni hadithi. Hawakujitetea kwa kusema "sisi ni wasanii." Walieleza wanavyofanya kazi, hatua kwa hatua, ili wengine wawakosoe.

Mwandishi chipukizi unayesoma hapa, unaweza kusema riwaya haina haja ya ukali huo, tuachie uhuru wetu. Uhuru unao. Buni unachotaka. Bibi wa riwaya yangu sasa hauzi mihogo wala hakai Mbagala, nimembadilisha kila kitu. Lakini neno subira nimelihifadhi kama alivyonipa, na sura ya saba yote niliichana nikaiandika upya, kwa sababu katika sura ile nilikuwa nimemfanya mzee wa watu anyamaze kwa unyonge. Nilikuwa najua nini kuhusu kunyamaza kwake? Sikujua kitu. Niligusa kisanduku.

Kwa hiyo msimamizi, hadithi ya bibi ni utafiti, kama msimuliaji yuko tayari kusahihishwa. Na wewe mshikaji, hadithi yako si utafiti bado, na huenda ndiyo sababu si hadithi nzuri pia. Wote wawili mnaogopa kitu kimoja: kurudi kwa mtu uliyemwandika ukamsomea. Mmoja anaiita ogopa hiyo sayansi, mwingine anaiita sanaa.

Benchi la bibi bado lipo. Viongozi hawajaja kukaa. Na wewe pia hujaja.

Nimesema. Mwenye kubisha aandike, kurasa hizi ni zetu sote.